Hukumu ninayo, mtalaka wangu hatekelezi: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mama wakili. Niko Morogoro, nina watoto wawili. Mwaka jana Mahakama ya Wilaya ilivunja ndoa yetu. Hukumu ilisema nyumba ya Kihonda ithaminiwe, mwenzangu anilipe asilimia 40 ya thamani ndani ya miezi sita, akishindwa iuzwe tugawane. Ilisema pia nikabidhiwe vyerehani vyangu viwili na friji, na atoe matunzo ya watoto shilingi 150,000 kila mwezi. Yeye ni mtumishi wa halmashauri, mshahara anapata. Miezi 14 sasa, ametuma pesa mara mbili tu. Nyumba anakaa yeye, hati anayo yeye, vyerehani amevifungia stoo. Nikimpigia anasema nyumba kajenga yeye na eti amekata rufaa. Jirani ananishauri nifungue kesi nyingine. Kaka zangu wanasema twende na gari tukabebe vitu. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Usifuate hata moja kati ya hayo mawili.

Kesi nyingine huihitaji, kwa sababu kesi umeshashinda. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka kila jambo linalohusu utekelezaji wa tuzo, yaani amri ya mahakama inayosema nani apewe nini, limalizwe na mahakama inayoitekeleza, si kwa kufungua shauri jipya. Ukifungua jipya litatupwa, na utakuwa umepoteza mwaka na nauli. Kaka zako nao waambie wakae nyumbani. Wakivunja kufuli la stoo ile, kesho yake wewe uliyeshinda ndiye utakayeitwa polisi, na mtalaka wako atapata la kuwaambia watu.

Unachotakiwa kufanya kinaitwa kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama iitekeleze. Watu wengi hawaambiwi neno hili siku hukumu inaposomwa. Wanatoka mahakamani wakiamini kwamba hakimu akishasema, kuna mtu serikalini atakayekwenda kumfuatilia mdaiwa. Hayupo. Mahakama inasubiri mshinda tuzo, yaani wewe, arudi kuomba. Niliwahi kupokea mama mmoja aliyekuja ofisini na hukumu yake ameifunika kwa plastiki ngumu, kama cheti cha shule. Miaka tisa aliitunza ndani ya sanduku la nguo, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Alikuja siku aliyosikia kwamba nyumba aliyopewa nusu yake imeshauzwa, na aliyeinunua ameshaiuza tena. Haki ilikuwa yake, na karatasi ilikuwa safi kabisa, lakini tulihangaika naye mno. Kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu.

Anza na karatasi. Nenda masjala ya mahakama iliyoamua shauri lenu, uombe nakala zilizothibitishwa za hukumu na za tuzo. Hivi ni vitu viwili. Hukumu ndiyo ile ndefu yenye ushahidi na sababu. Tuzo ni ile fupi inayosema nani apewe nini. Kinachokazwa ni tuzo. Isome neno kwa neno, mwombe na mtu mwingine akusomee, na kama imeandikwa kwa Kiingereza tafuta wa kukufafanulia. Linganisha na hukumu: je, asilimia 40 imeandikwa? Kiwanja kimetajwa kwa namba na kitalu? Vyerehani vimetajwa kuwa viwili? Mahakama inayokaza hukumu haiwezi kuongeza wala kupunguza kilichomo. Kama karani alikosea kuandika, omba marekebisho kabla hujaenda mbele, kwa sababu kosa dogo la namba ya kiwanja laweza kumpa mwenzako nafasi ya kusimamisha kila kitu siku ya mnada.

Hapo hapo niwakumbushe na wengine wanaosoma: barua ya baraza la usuluhishi, au talaka iliyotolewa msikitini au nyumbani, si tuzo ya mahakama. Kwa huku Tanzania Bara, mwenye hiyo tu hana cha kukaza mpaka aende mahakamani.

Sasa hilo la rufaa. Muda wa kukata rufaa katika mashauri ya ndoa ni siku 45, na kwako zimekwisha zamani. Akitaka kuikata leo, itabidi kwanza aombe kuongezewa muda na atoe sababu za maana. Lakini hata kama aliikata ndani ya muda, rufaa peke yake haizuii hukumu kutekelezwa. Kinachozuia ni amri ya mahakama ya kusimamisha utekelezaji. Mwambie kwa upole akuonyeshe amri hiyo. Kama hana, endelea.

Na hilo la "nyumba nimejenga mimi" limepitwa. Alikuwa na nafasi ya kulisema wakati wa shauri, na bila shaka alilisema. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Asilimia 40 hukupewa kwa huruma. Mahakama inayokaza haitafungua tena mjadala huo, na wewe usikubali kuufungua kwenye simu.

Kabla hata ya kupeleka maombi, linda nyumba. Chukua nakala ya hukumu uende ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili wa Hati, uweke zuio kwenye kiwanja hicho. Mwenzako anayo hati mkononi, na mtu anayehisi nyumba inamponyoka huanza kutafuta mnunuzi, au ghafla nyumba inakuwa ya mdogo wake. Zuio litamfanya mnunuzi ajue kwamba kuna mwenye haki mwingine. Nakala nyingine mpelekee mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kwa barua, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Mauziano mengi ya mitaani hupita mikononi mwao, na hakuna atakayesema hakujua.

Baada ya hapo ndipo unajaza maombi ya kukaza hukumu: namba ya shauri, majina ya wadaawa (wewe na yeye), tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa, kilicholipwa tangu hukumu, kinachodaiwa, na njia unayoomba mahakama itumie. Utapewa kontrol namba, utalipa ada kwa simu au benki. Usikawie. Ukomo wa kukaza tuzo ni miaka 12, lakini ukipita mwaka mmoja tu tangu tuzo itolewe, mahakama humwita kwanza mdaiwa aje aeleze kwa nini isikazwe. Kwako mwaka umeshapita, kwa hiyo tegemea hatua hiyo na usishtuke wito wake ukitoka.

Hapo kwenye "njia unayoomba" ndipo maombi mengi yanapoharibika. Mtu huandika tu "naomba hukumu itekelezwe". Tuzo yako ina mambo matatu, na kila moja lina njia yake.

Matunzo ndiyo mepesi kuliko yote, kwa sababu baba yao ana mshahara wa serikali. Miezi 14 kwa shilingi 150,000 ni 2,100,000. Toa 300,000, kama zile mara mbili alituma 150,000 kamili, unadai 1,800,000. Andika kwenye daftari mwezi kwa mwezi, na uchapishe taarifa ya miamala ya simu yako ionyeshe zile mara mbili. Usimfiche hata shilingi aliyotoa. Siku utakapobanwa kwa uongo mmoja, hakimu ataanza kukutilia shaka hata pale unaposema kweli. Omba mahakama imwagize mwajiri wake akate sehemu ya mshahara, kwa malimbikizo na kwa miezi ijayo. Sheria hulinda sehemu ya mshahara isiguswe, kwa hiyo malimbikizo yatalipwa kidogo kidogo. Ni afadhali hivyo kuliko ahadi. Watoto wakiingia sekondari na mahitaji yakapanda, unaweza kurudi mahakamani kuomba kiwango kibadilishwe.

Neno moja la mama kwa mwana: usiwazuie watoto wasimwone baba yao kwa sababu hajatuma pesa. Matunzo ni haki yao, na kumwona baba ni haki yao pia. Ukiwazuia, utawaumiza wao, na mbele ya hakimu utakuwa umempa mwenzako hoja ambayo hakuwa nayo.

Vyerehani na friji ni mali zilizotajwa, hivyo unaomba vikamatwe na ukabidhiwe vyenyewe. Andika aina, rangi, na namba iliyochongwa kwenye chuma kama unaikumbuka. Tafuta picha ya zamani ukiwa umekaa kushona. Nimeona picha ya sikukuu ya Idi ikimaliza ubishi wa mashine ipi ni ya nani. Siku hiyo atakwenda dalali wa mahakama na hati ya mahakama, kiongozi wa mtaa akiwepo, na askari ikibidi. Wewe simama pembeni, uhesabu, usaini ulichopokea. Usimpe dalali pesa mkononi bila risiti.

Nyumba ndiyo yenye kazi. Tuzo ilimpa miezi sita baada ya kuthaminiwa, kwa hiyo hatua ya kwanza ni uthamini wenyewe. Kama haujafanyika, omba mahakama imteue mthamini aliyesajiliwa na iamuru aruhusiwe kuingia ndani, maana mwenzako anaweza kufunga geti. Ripoti ikitoka, asilimia 40 inageuka kuwa kiasi cha shilingi kinachodaiwa. Asipolipa ndani ya muda, unaomba iuzwe kwa mnada wa mahakama. Tangazo likishabandikwa, mnada haufanyiki kabla ya siku 30 isipokuwa mdaiwa mwenyewe ameridhia kwa maandishi. Mshindi wa mnada huweka asilimia 25 ya bei papo hapo na kumaliza ndani ya siku 15. Hati aliyoificha haitamsaidia, kwa kuwa mauzo ya mahakama hayasubiri saini yake; mahakama ndiyo humpa mnunuzi cheti cha mauzo. Na mwenzako akileta asilimia yako kabla ya nyundo kugonga, mnada unakoma na nyumba inabaki yake.

Atasema nyumba anayokaa mtu na familia yake haikamatwi. Ni kweli sheria ina kinga hiyo. Mimi hujibu hivi mahakamani: kinga inazuia nyumba ya makazi isikamatwe kulipia deni, lakini hapa tuzo yenyewe ndiyo iliyoigawa nyumba na kuamuru iuzwe. Jiandae pia kwa ndugu yake kuibuka na pingamizi kwamba kiwanja ni chake. Mahakama itamsikiliza, na zuio uliloweka mapema, pamoja na risiti za mifuko ya saruji kama unazo, vitakusaidia hapo.

Kuna na kifungo cha madai, kisichozidi miezi sita, kwa mdaiwa mwenye uwezo anayekataa kulipa. Kwako nisingeanza nacho. Gharama za chakula chake gerezani hutolewa na anayedai, akitoka deni linabaki palepale, na mtumishi aliyeko ndani mshahara wake unaweza kuyumba, nao ndio tunaoutegemea kwa watoto. Kiache kiwe njia ya mwisho.

Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria; uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri watakuelekeza aliye karibu nawe. Wenye tuzo za Mahakama ya Mwanzo, utaratibu wenu ni mwepesi zaidi na fomu zake ni tofauti, waulizeni makarani wa pale pale.

Anza Jumatatu na masjala, kisha ofisi ya ardhi. Pesa ya nyumba ikipatikana, ilipwe kupitia mahakama, isipitie kwa mtu yeyote, hata kaka zako, na jalada lionyeshe kiasi ulichopokea na tarehe.