Kurudishwa kazini, kuajiriwa upya na kubakizwa: barua yako inasema lipi?

Mwenzetu ameuliza iwapo "kurudishwa kazini" na "kuajiriwa upya" ni jambo moja, kwa kuwa mwajiri aliyempunguza sasa anamtaka arudi na hajui barua inapaswa kusomekaje. Si jambo moja. Nimeandaa barua za ajira katika idara ya utumishi kwa muda mrefu, na tofauti hiyo nimeiona ikiwagharimu watu waliotia saini kwa furaha ya kuitwa.

Kurudishwa kazini, kwa maana yake ya kisheria, ni kuhesabiwa kana kwamba hukuwahi kuondoka: cheo ni kilekile, miaka ya utumishi haikatiki, na mishahara ya kipindi ulichokuwa nje huwa sehemu ya madai yako. Amri ya namna hiyo hutolewa hasa pale chombo cha kuamua migogoro kinaporidhika kwamba uliachishwa kazi isivyo halali. Kuajiriwa upya ni kuingia katika mkataba mwingine. Sheria ya haki za ajira ya Uingereza ya mwaka 1996 inazitenganisha amri hizi mbili waziwazi, kwani ile ya kuajiriwa upya inaruhusu upewe kazi inayolingana na ya awali au nyingine inayofaa, na hata mwajiri anaweza kuwa mrithi wa yule wa kwanza au kampuni yenye uhusiano naye.

Hata hivyo, wengi wetu huitwa kwa simu, bila amri yoyote, na hapo ndipo maneno huteleza. Niliwahi kushughulikia malalamiko ya watu wawili waliorejea siku moja katika kitengo kimoja. Barua ya mmoja ilitaja kwamba utumishi wake unaendelea tangu tarehe ya ajira ya kwanza; ya mwenzake ilisema tu kwamba "anakaribishwa tena", kisha ikaweka kipindi cha majaribio. Lilipokuja zoezi jingine la kupunguza wafanyakazi, huyu wa pili alihesabiwa kuwa mgeni, ingawa alikuwa mzoefu kuliko msimamizi wake. Neno "kukaribishwa" halina uzito wowote katika mkataba, na binafsi ningelifuta katika kila barua ya ajira.

Lipo pia neno ambalo wafanyakazi hawalidai vya kutosha, nalo ni kipaumbele cha kuajiriwa tena. Pendekezo namba 166 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1982, linasema kwamba waliopunguzwa kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za kimuundo wapewe kipaumbele fulani pale mwajiri anapoajiri tena watu wenye sifa zinazolingana na zao, mradi wawe wameeleza nia yao ya kurudi ndani ya muda uliowekwa. Pendekezo halifungi kama sheria, lakini nchini Ufaransa kipaumbele hicho kimo katika sheria na hudumu mwaka mmoja kwa mfanyakazi aliyekiomba. Kwa hiyo anayepunguzwa aandike mapema kwamba yuko tayari kurudi, na abaki na nakala.

Kuhusu kubakizwa kazini, jambo la kuangalia ni kama mkataba bado unaishi. Likizo bila malipo na kupunguziwa saa kwa makubaliano haviuvunji. Mpango wa Uingereza wakati wa janga la korona, uliofikia mwisho wake Septemba 2021, ulikuwa wa aina hiyo: kwa sehemu kubwa ya muda wake serikali ililipia asilimia 80 ya mshahara wa mtu asiyefanya kazi, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, naye akabaki kuwa mwajiriwa. Jihadhari na neno "kusimamishwa", ambalo katika ofisi nyingi humaanisha hatua ya kinidhamu; kama tatizo ni uhaba wa kazi, barua iseme hivyo.

Kwa muuliza swali: kabla ya kutia saini, omba barua itaje tarehe ambayo utumishi wako utahesabiwa kuanzia. Kama ulikwishalipwa kiinua mgongo ulipoondoka, tarajia mwajiri akatae kuilipia tena miaka hiyo, na hilo ni haki yake. Lakini miaka hiyohiyo bado inaweza kutambuliwa katika likizo, daraja la mshahara na kuondolewa kwa kipindi cha majaribio, endapo mtakubaliana kwa maandishi.