Kitovu ndo kilivimba, mbona ini limejaa usaha?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nafuga ng'ombe wa maziwa huku Tukuyu. Mwezi uliopita ndama wa wiki tatu alivimba kitovu, nikajua kitanywea chenyewe, mara goti nalo likavimba akawa hanyonyi, nikampiga sindano moja ya oksi (ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini) lakini wapi, akafa. Tulivyompasua ini lina majipu ya usaha kibao. Watu wanasema minyoo ya ini. Ni kweli? Maana kuna mtamba anakaribia kuzaa.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Minyoo ya ini hapana, ile inatokana na majani ya sehemu zenye konokono na inachukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, sasa ndama wa wiki tatu kaitolea wapi?

Hapo bakteria walipanda kutoka kitovuni. Ndama akiwa tumboni kuna mshipa unaotoa damu kwenye kondo kupitia kitovu hadi kwenye ini, moja kwa moja, na akizaliwa ile njia haizibi siku hiyohiyo, kwahiyo akilalia samadi mbichi (na mvua za huko Tukuyu nazijua, banda linakuwa tope tupu) hao bakteria wanapita humohumo wanatengeneza majipu, wengine wanaingia kwenye damu wanakimbilia kwenye maungio. Lile goti ndo hilo. Usaha ukishajifungia ndani ya ini dawa inafika kwa shida, sindano moja ni kazi bure.

Huyo mtamba mwandalie sehemu kavu yenye nyasi safi. Ndama akitoka tu, chovya kitovu chote kwenye ayodini ya asilimia 7, kichovye kabisa sio kupaka juujuu, na urudie kesho yake. Halafu dang'a, yale maziwa ya kwanza yenye kinga! Ndama wa kilo 40 apate kama lita 4 ndani ya saa 6 za mwanzo, kwa sababu utumbo wake ukifika saa 24 haupitishi tena ile kinga. Wengi mnamwachia anyonye mwenyewe, hamjui kapata kiasi gani.

Kila siku kishike kitovu. Kikiwa kinene, cha moto au kinanuka, mwite daktari siku hiyohiyo, usisubiri goti.

Na siku nyingine mnyama akifa ghafla damu inamtoka puani au nyuma, usimpasue kabisa, inaweza kuwa kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza hadi watu.