Samaki wapo, hamu imeisha

Barua za samaki wa mapambo mwezi huu zimekuja nyingi, na tatu kati ya hizo zinahusu kitu kimoja, watu waliokuwa wanapenda kweli kisha hamu ikaisha, ingawa mmoja wao imeshamrudia. Nimezipunguza urefu, majina sijaweka.

SWALI

Habari za kazi kaka. Nina tenki la lita 200 sebuleni hapa Tabata, nililianza kwa moto kweli, yaani nikitoka job hata viatu sijavua nishakaa mbele ya kioo. Nikajaza neoni, enjelfishi, oska wawili wadogo na pleko, yule mnyonya vioo. Neoni wakaanza kuisha mmoja mmoja, nikanunua wengine nao wakaisha, oska wakakua wakawa wanamaliza waliobaki. Maji natumia ya kisima cha hapa nyumbani. Zamani umeme ukikatika usiku nilikuwa naamka kuangalia pampu, siku hizi nageukia ukutani nalala. Kioo kimejaa ukijani, filta inakoroma, na mke wangu anasema bora pale tuweke kabati la vyombo. Sasa nauliza, hii hamu huwa inarudi au ndo imeenda jumla niuze tu vitu?

JIBU

Inarudi kaka, ila sio kwa tenki hilo likiwa hivyo lilivyo. Na wala usikubali mtu akuambie umekuwa mvivu, mvivu haamki saa nane usiku kwa ajili ya pampu. Mimi nikisoma barua yako naona mtu aliyekuwa anapigana na maji yake mwenyewe muda wote huo na hakuna aliyemwambia.

Fanya hivi, nenda jikoni ufungue birika la umeme uangalie chini. Kama kuna ukoko mweupe umeganda, ukiukwangua na kucha unatoka vipande vipande, basi maji yako ni magumu, yamejaa chokaa na madini mengine. Neoni asili yake ni vijito vya Amazon, maji laini yenye asidi kidogo ambayo madini karibu hayana. Unaweza ukamzoesha polepole na wapo wanaofanikiwa, ila ukimtoa dukani ukamtumbukiza kwenye maji ya kisima siku hiyohiyo, akifika mwezi mshukuru Mungu. Hapo hapo kuna oska, samaki anayefika sentimita 30 na anakula chochote kinachoenea mdomoni, na pleko wa kawaida ambaye anaweza kupita hata oska kwa urefu, na licha ya jina la mnyonya vioo kazi yake kubwa akishakua ni kutoa mavi. Uchafu wao unageuka amonia. Bakteria wa kwenye filta wanaibadilisha kuwa naitraiti, halafu naitreti, na naitreti inakaa humo inalisha ule ukijani mpaka utakapobadilisha maji. Na kadiri pH inavyopanda (ni kipimo cha asidi, kwenye maji ya chokaa huwa juu) ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu, kwahiyo wale wadogo walikuwa wanapigwa kutoka pande zote.

Sasa usinunue kitu chochote kwanza. Najua ukipata hamu kidogo tu utakimbilia dukani, duka ndo linaloharibu watu wengi, raha inakuwa kwenye kununua na wakishaingia majini wote imeisha. Anza kwa kutoa. Oska na pleko mrudishie muuzaji hata bure, au mpe mtu mwenye tenki kubwa. Tafadhali usiende kuwamwaga mto Msimbazi eti unawapa uhuru, pleko walioachiwa hivyo kule Mexico na Florida wamezaliana mpaka wamekuwa kero kwa wavuvi.

Wakishatoka hao utashangaa kazi ilivyopungua. Kioo kwangua kwa wembe, kama ni kioo halisi hakichubuki, ila ukikaribia kona punguza kasi usije ukakata silikoni. Taa iwake kwa muda wa masaa sita mpaka nane kwa siku basi, sio kutoka asubuhi mpaka taarifa ya habari. Robo ya maji badilisha kila wiki, chakula mara moja kwa siku kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Ile filta inayokoroma ifungue usuuze sponji yake kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa humohumo kwenye tenki. Usiipeleke bombani, ukiiosha na maji yenye klorini unaua bakteria wengi halafu wiki inayofuata unashangaa samaki wanahema juu.

Kuhusu umeme, filta ya sponji ya kusukumwa na pampu ya hewa ndo mkombozi wa watu wa mgao, maana zipo pampu za hewa zenye betri ambazo umeme ukikata zinaendelea zenyewe. Na samaki wakiwa wachache kwenye lita 200 usiku mmoja bila pampu hauwaui, wewe usiwape chakula tu mpaka umeme urudi. Kama ilikuwa ile filta ya ndoo iliyofungwa na imezimika saa nyingi, usiiwashe hivihivi, yale maji ya ndani yameshaoza, yamwage kwanza.

Haya tuje kwenye hamu yenyewe. Tafuta samaki anayeyapenda maji yako. Onja maji ya kisima. Kama ulimi unapata chumvi kabisa, weka moli, huyo chumvi haimsumbui, na gapi kama chumvi sio kali sana. Kama hayana chumvi ila birika lina ukoko, basi una bahati ambayo wenzetu wa Ulaya wenye maji laini wanainunua dukani kwa paketi, wanachanganya madini kwenye ndoo ili tu waige maji ya Ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina pH ya kwenye 8.6 mpaka 9 na aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya siklidi, karibu zote hazipatikani sehemu nyingine yoyote duniani, na wengine wanasafirishwa nje kutokea Kigoma hapo hapo. Yaani mtu wa Ujerumani anao sebuleni, mtu wa Tabata anahangaika na neoni!

Mimi ningekuwa wewe ningechukua wale wadogo wa maganda, Neolamprologus multifasciatus, wafugaji wanamwita multi kwa kifupi. Ana mistarimistari ya kahawia, mkubwa kabisa hazidi sana sentimita nne, na nyumba yake ni ganda tupu la konokono. Humo ndo anakolala, ukipitisha mkono anachomoka huku anaingia kule, jike anatagia humohumo. Weka mchanga laini sentimita tano hivi, tupia maganda kumi na tano ishirini, hata ya konokono wa shambani wale wadogo yanafaa ukishayachemsha, halafu ondoka. Ukirudi jioni mchanga umehama. Anachota mchanga mdomoni, anaogelea nao kidogo anautema mbele ya mlango wa jirani, anarudi kuchota mwingine, na jirani naye anautoa anaurudisha, hawachoki. Chimba chimba mpaka ganda linazama linabaki tundu tu. Halafu asubuhi moja unaona kwenye lile tundu kuna vichwa viwili vitatu vidogo kuliko punje ya mchele, vinachungulia, ukisogea vinapotea. Wanakaa ukoo mzima, wakubwa kwa watoto kwa wadogo zao, wala wazazi hawali watoto wao kama gapi. Mtu aliyechoka samaki kwa sababu wanapita tu huku na huku siku nzima, hapa ana kitu cha kufuatilia.

Na hawahitaji lita 200, lita 60 zinatosha ukoo wa kuanzia. Kwahiyo lile kubwa liuze, shemeji apate kabati lake na wewe uombe nafasi ya tenki dogo juu ya kabati. Ila liwe kabati la mbao ya kweli, lita 60 ni kilo 60 kabla hujaweka mchanga na kioo chenyewe, haya ya mbao za kubandika yataachia.

SWALI

Hujambo. Niko Nairobi. Kijana wangu wa Grade 4 alinisumbua miezi nataka samaki nataka samaki, tukamnunulia goldifishi mmoja kwa ile bakuli ya kioo ya mviringo. Wiki mbili za kwanza alikuwa anamsalimia kabla ya kwenda shule. Sasa hata hamwangalii, mimi ndio nalisha, mimi ndio naosha bakuli. Nimlazimishe ajifunze responsibiliti ama niachane nayo?

JIBU

Pole mama. Usimlazimishe, ukishamgeuza samaki kuwa adhabu hapo umemaliza. Halafu tuwe wakweli, samaki peke yake kwenye bakuli anafanya nini cha kumfurahisha mtoto? Anazunguka, anakuja juu kuvuta hewa kwa sababu oksijeni ni kidogo, basi. Hata mimi ningerudi kwa katuni.

Goldifishi akitunzwa vizuri anaishi miaka zaidi ya kumi na anapita kiganja cha mtu mzima, kwahiyo huyo mtoto anaweza kumaliza sekondari samaki bado yupo. Bakuli hapana. Mtafutieni tenki la kuanzia lita 80 lenye filta, na baridi ya Nairobi kwake ni raha tu, hita haitaki. Mkishindwa, mpeni mtu mwenye kidimbwi, na sio aibu.

Kama bado mna nia, kwa mtoto gapi ni bora. Hapo Julai mtahitaji hita, lakini jike anazaa karibu kila mwezi, anazaa watoto hai kabisa sio mayai, na mama mwenyewe anageuka kuwala. Sasa mpe kijana kazi ya kuwaokoa, aweke majani mengi ya kuelea juu wapate pa kujificha, aandike kwa daftari wamebaki wangapi. Kuosha endelea wewe ama baba yake. Mtoto wa miaka kumi hapendi kuosha sufuria yake mwenyewe sembuse mchanga wa samaki.

SWALI

Shikamoo mzee. Nilikuwa na samaki mpaka 2019, nikahama nikaachana nayo, tenki liko stoo hapa Mwanza na filta yake na kila kitu. Juzi nimeenda kwa rafiki nikaona lake, aisee ile hali imenirudia yote. Nataka wikendi hii niweke maji na samaki palepale. Kuna cha kuangalia?

JIBU

Marahaba kijana. Wikendi hii weka maji, samaki subiri. Tenki lililokaa kavu miaka yote hiyo silikoni inaweza kuwa imekakamaa, lipeleke uani ulijaze huko huko lilale siku mbili, weka magazeti makavu chini, likivuja utaona kabla halijaloanisha kochi la watu.

Filta yako ya stoo nayo ihesabu kama mpya, bakteria walishakufa zamani. Bila msaada inachukua kama wiki nne mpaka sita kuwajenga upya. Ila wewe una rafiki mwenye tenki linalofanya kazi, mwombe kipande cha sponji yake chafu, chafu hivyohivyo, kibebe kwenye maji ya tenki lake ukiweke kwenye filta yako siku hiyohiyo kabla hakijakauka. Hapo unafupisha sana. Anza na samaki wawili watatu wagumu kama moli, na ukipata vile vijiti vya kupimia amonia na naitraiti pima kabla ya kuongeza wengine. Maji ya bomba yawekee dawa ya kutoa klorini, huku kuyaacha ndooni usiku kucha kunasaidia kama ni klorini ya kawaida tu, kuna aina nyingine haitoki kwa kukaa.

Na hiyo hita ya 2019 angalia waya kama haujaliwa na panya, na usiichomeke ikiwa nje ya maji. Kioo chake kikishapata moto hewani ukaja kukizamisha kinapasuka, na wakati huo mkono wako uko humo ndani.