Mlipuko wa Mbali: Maswali Yenu Wiki Hii

*Saa tano usiku, nikiwa Moshi, nilisikia mlipuko mzito upande wa Arusha. Shemeji yangu yuko Boma Ng'ombe, karibu zaidi na huko, na anaapa hakusikia kitu. Nani muongo?*

Hakuna. Mchana sauti hupinda kwenda juu ikapotelea angani. Usiku ardhi hupoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti hurudishwa chini. Upepo wa juu nao ukielekea kwenu, inaweza kumruka shemeji ikatua kwako. Ila kama alikuwa amelala, hilo mmalizane wenyewe.

*Shikamoo. Nitajuaje umbali? Nipo Usa River.*

Marahaba. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi kishindo kifike, kisha gawa kwa 3. Sekunde 12 ni kilomita 4. Usipoona mwako huna pa kuanzia, na masikio peke yake hudanganya sana, hasa penye milima.

*Sauti inaweza kufika mbali kiasi gani?*

Swali hili nalipenda. Tarehe 27 Agosti 1883 volkano ya Krakatoa, Indonesia, ililipuka. Kisiwani Rodrigues, kilomita kama 4,800 kuvuka Bahari ya Hindi, mkuu wa polisi aliandika kwamba amesikia kama mizinga mikubwa ikipigwa mbali. Sasa chukua hesabu ya yule wa Usa River uigeuze: 4,800 mara 3 ni sekunde 14,400, yaani saa 4 kamili. Na kweli sauti ilichukua kama saa 4. Mlipuko ulikuwa umeshapita zamani, wao ndio kwanza wanageuza shingo.

*Vioo vilitikisika lakini sikusikia chochote. Tetemeko?*

Tazama sakafu. Mlipuko mkubwa hutoa pia mawimbi mazito mno, chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, ambayo sikio halinasi. Kioo na bati huyapata. Tetemeko huanzia chini: kitanda, taa inayoning'inia, maji ndooni. Waliokuwa Arusha Julai 2007, ardhi ilipotikisika kutoka mlima Gelai, hawahitaji maelezo.

*Mzee wetu anasema ni ule mlima wa volkano, Oldoinyo Lengai, unaamka.*

Mzee ana sababu, mwaka 2007 ulilipuka kweli na kurusha majivu. Lakini mara nyingi lava yake hutiririka kimya kama uji mweusi. Kwa kishindo kimoja tu, ningeanza kuulizia machimbo ya mawe ya jirani.