Mpelekeni akaone kazi kabla hajajaza selform

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kibaigwa aliniandikia. Mwanawe yuko kidato cha nne, hesabu anazipata, baiolojia inamtesa, na baba mtu ameshasema kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, kijana ni PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, hakuna mjadala. "Dada, wewe ulifanyaje?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana baba wa namna hiyo namjua. Nimelelewa na mmoja.

Mimi nilikuwa "daktari" tangu darasa la tano. Wageni wakija kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, naitwa nisalimie: "Huyu ndiye daktari wetu." Hakuna aliyewahi kunipeleka hospitali nishinde hata nusu siku nione daktari anafanya nini. Nilichokijua ni koti jeupe. Nikajaza PCB. Miaka miwili ile sina haja ya kuisimulia. Julai 2016 matokeo ya kidato cha sita yakatoka, daraja la nne. Somo pekee nililolifurahia ni BAM, hesabu za ziada za wanaosoma PCB, lile wenzangu waliloliona adhabu. Baba hakunigombeza. Alizima redio, akatoka nje, na tangu siku ile hakuniita daktari tena. Mpaka leo mtu akiniita hivyo kwa utani, moyo unaniuma.

Mwezi huohuo Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Uamuzi wenyewe ni wa 1973, sisi tumekua tukiusikia kama hadithi, kumbe safari hii ni kweli. Mwaka uliofuata CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, ikavunjwa, na mjini kila mtu akawa anaulizia kiwanja kilichopimwa: Nala, Ihumwa, Mtumba. Binamu yangu alikuwa kibarua kwa wapimaji wa ardhi. Siku moja mwenzake akaugua, akanichukua mimi.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu jua likishapanda, hewa juu ya ardhi ya huku inatetemeka kwa joto na anayechungulia kwenye mashine ya kupimia haioni shabaha sawasawa. Nikapewa fimbo yenye prizimu, kile kioo ambacho mashine inakilenga. Kazi yangu ni kuisimamisha wima, kile kipovu cha hewa kikae katikati ya kiduara chake, huku upepo unanisukuma na miiba ya migunga imeshika sketi. Mpimaji, mzee mkimya, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Kwa nini nimepima pembe zote tatu za pembetatu hii wakati mbili zinatosha?" Nikamwambia, ili uzijumlishe, zisipofika 180 kuna mahali tumekosea. Akainua kichwa. Jioni alinilipa ujira wangu, akaniongezea na daftari lake la hesabu nikalisome nyumbani.

Nilishika fimbo ile miezi minane. Kisha Chuo cha Ardhi Morogoro, astashahada, halafu stashahada. Leo nafanya kazi chini ya mpimaji mwenye leseni na nasimamia vijana wanne. Kiwanja alichojenga baba kule Nala, bikoni zake nne, yaani alama za mipaka, nimezisimika kwa mkono wangu. Alisimama kando ameshika ndoo ya zege, hakusema neno. Nilitosheka.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, ushauri wangu ni huu: mtoto aende akaone kazi. Sisemi hotuba ya mgeni rasmi siku ya mahafali. Likizo ya Juni ashinde wiki nzima gereji, au famasi, au karakana ya Veta, au shamba la zabibu Hombolo. Abebe vitu, atumwe chai, asikie wakubwa wanalalamikia nini. Akichoka na bado anataka kurudi kesho, hapo pana kitu. Akichukia, ameokoa miaka miwili.

Na watoto wa kike msiwaache. Nimeambiwa mara nyingi kwamba kazi ya juani si ya mwanamke, na wanaosema hivyo mama zao wamelima mtama na alizeti juani maisha yao yote.

Siku hizi tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo kama PCB, zimefika 65, na mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, wa masomo ya ufundi na ujuzi wa kazi. Nafurahi. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuona kazi hata moja kwa karibu, ukimwongezea njia umemwongezea kubahatisha. Mji huu wenyewe umebadilika mikononi mwetu. Kazi ninayoifanya hakuna mwalimu aliyenitajia. Aliyezoea kwenda kuona atajua kugeuka mambo yakigeuka. Aende akaone, nasema tena. Na hesabu asiitupe, hata kama imemkalia vibaya, kwani mimi ndiyo iliyonishika mkono baada ya kila kitu kuanguka. Na wewe baba, mwite mwanao kwa jina lake. Cheo atajipatia mwenyewe.

Mama wa Kibaigwa, Jumamosi ijayo tunapima Nala. Kijana aje Ijumaa alale mjini, kwa sababu tunaondoka kabla hakujakucha. Avae suruali ngumu, viatu vya kufunika vidole, na kofia. Baba yake naye akipata nafasi aje. Fimbo ya pili ipo, na ndoo ya zege haikosi.