Boila ya nini, na gesi imeshaungua?

Mdogo wangu, unaenda kufanya mafunzo kwa vitendo Kinyerezi II, kituo cha kufua umeme kwa gesi jijini Dar es Salaam, na unauliza boila ni ya nini wakati gesi inaungua ndani ya turbini. Wengi huona haya kuuliza hilo.

Kompresa inabana hewa, gesi inachomwa humo, na hewa ya moto ikitanuka inazungusha turbini, yaani magurudumu yenye mapanga, pamoja na jenereta. Moshi ukitoka bado una joto la zaidi ya nyuzi 500. Kuutupa ni hasara! Unapitishwa katikati ya mabomba ya maji, na hiyo ndiyo boila yenyewe, mvuke unapatikana, unazungusha turbini nyingine. Gesi ileile, umeme zaidi. Mtambo mzima ni megawati 240.

Siku ya kwanza usikimbilie kwenye kompyuta. Omba ulifuate bomba la gesi kwa miguu hadi kwenye dohani. Na vizibo vya masikio usisahau, kelele za pale si mchezo.