Maswali na majibu: Mgugunaji mgeni anapoota mizizi

Ni wanyama wangapi wanatosha kuzaliana na kuenea katika nchi mpya?

Wachache mno. Kindi wa kijivu walioenea kaskazini mwa Italia walianzia Stupinigi, karibu na Turin, mwaka 1948: jozi mbili tu kutoka Marekani. Kwa panya wa kawaida hata jozi si lazima. Jike mmoja mwenye mimba akishuka melini, haipiti wiki tatu hivi kabla hajazaa, pengine watoto wanane kwa mkupuo mmoja. Hao nao, ndani ya miezi mitatu, wanapandana wao kwa wao.

Koipu ni mnyama gani, na aliingiaje Uingereza?

Ni mgugunaji mkubwa wa Amerika Kusini anayeishi majini, meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa. Aliletwa Uingereza mwaka 1929 afugwe kwa ajili ya manyoya. Wengine wakatoroka, wakaingia vinamasi vya mashariki. Mtazame jike utaelewa kwa nini walidumu: chuchu zake ziko juu ubavuni, karibu na mgongo, hivyo watoto hunyonya huku mama akielea. Nao huzaliwa na manyoya, macho wazi, na muda si muda wanaogelea. Mnyama wa namna hiyo akipata matete ya kula na ukingo wa kuchimba shimo, tena asikute wa kumla, atakosa nini? Mimi nawalaumu waliomfungia kwa uzio dhaifu, si yeye.

Kindi wa kijivu humuua kindi mwekundu, mwenyeji wa Ulaya, kwa kupigana?

Hapana. Humzidi kwenye chakula, na hubeba virusi vya ndui ya kindi ambavyo kwa kawaida havimdhuru yeye, ila mwekundu hufa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ameugua.

Wakishaenea, wanaondoleka?

Wanaondoleka, kwa jasho. Koipu wa Uingereza walitegwa kwa mitego kuanzia 1981, na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu, hadi wa mwisho akapatikana 1989. Kisiwa cha South Georgia, kusini mwa bahari ya Atlantiki, kilimwagiwa chambo chenye sumu kwa helikopta. Mwaka 2018 kikatangazwa hakina panya. Lakini kindi wa kijivu, aliyeachiliwa Uingereza mwaka 1876, yupo hadi leo. Kwa hiyo ukikuta kinyesi usichokijua ukingoni mwa maji, au gome lililogugunwa na jeraha bado jeupe, piga picha, weka sarafu kando ionyeshe ukubwa, uwapelekee maofisa wa wanyamapori siku hiyo hiyo.